Kiwanja kitupu Nyamisati: Jinsi bima ya dhima inavyomlinda mwenye ardhi

ARDHI isiyo na nyumba wala mazao huhesabiwa na wengi kuwa mali isiyo na gharama. Mwenyewe anaishi Mbagala au Tabata, hati ameifungia kabatini, na shamba liko Nyamisati likisubiri bei ipande. Hesabu hiyo huacha jambo moja nje. Ardhi hiyo, ingawa ni tupu, hupitiwa na watu na mifugo kila siku, na mtu akiumia humo kwa sababu ya hatari ambayo mwenye ardhi alipaswa kuiondoa, mwenye ardhi anaweza kufikishwa mahakamani na kudaiwa fidia.

Kinga ya kifedha dhidi ya madai ya namna hiyo ipo, nayo ni bima ya dhima kwa umma. Hata hivyo, bima hii haifahamiki sana miongoni mwa wanunuzi wa viwanja, na wengi wanaoisikia huichanganya na bima ya mali. Makala haya yanaeleza inafanya kazi gani, inapatikanaje, na mambo gani haiyagusi kabisa.

Nyamisati ni kijiji cha Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, pembezoni mwa delta ya Mto Rufiji. Msafiri anayetoka Dar es Salaam hufuata barabara ya Kilwa hadi Bungu, kisha huacha lami kuu na kuelekea baharini. Kwa miaka mingi kijiji hicho kimekuwa lango la kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, na abiria walikuwa wakitegemea mashua na majahazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 gati lililojengwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) pamoja na kivuko cha MV Kilindoni vilianza kutoa huduma.

Penye gati, ardhi hutazamwa kwa jicho jingine. Anayewaza ghala la samaki, nyumba ya wageni au duka la vifaa huanza kwa kupata eneo, kisha husubiri fedha za kujenga. Katika kipindi hicho cha kusubiri, ambacho kinaweza kuwa mwaka mmoja au kumi, ndipo suala la dhima hujitokeza.

Dhima inatoka wapi

Chukua mfano wa mkazi wa Dar es Salaam aliyepata ekari tatu. Alichimba kisima ili apate maji ya kufyatulia matofali, fedha zikaisha, kazi ikasimama. Kisima kikabaki wazi, nyasi zikakizunguka. Watoto wa jirani wanapita katikati ya eneo hilo kwa sababu ndiyo njia ya mkato waliyoizoea kabla ardhi haijauzwa. Mmoja akitumbukia, mwenye ardhi hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba yeye hakuwapo.

Tanzania ina sheria inayohusu dhima ya wenye kukalia ardhi na majengo, na pia inatumia misingi ya sheria ya madhara iliyopokewa kutoka Uingereza tangu enzi za ukoloni. Msingi wake unaeleweka kwa urahisi: mwenye mamlaka juu ya eneo anatakiwa kuchukua tahadhari ya kutosha ili wanaoingia humo kwa ruhusa, ya wazi au ya kimyakimya, wasidhurike. Njia iliyoachwa itumike miaka mingi bila kuzuiwa inaweza kuhesabiwa kuwa ruhusa ya kimyakimya. Aidha, mtoto hatarajiwi kuwa na uangalifu wa mtu mzima.

Hata kwa anayeingia bila ruhusa, mlango wa madai haujafungwa kabisa. Mwaka 1972 Baraza la Mabwana, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa nchini Uingereza, liliamua kuwa bodi ya reli ilipaswa kuwajibika kwa mtoto wa miaka 6 aliyeungua kwa umeme wa reli baada ya kupenya kwenye uzio uliobomoka. Uamuzi huo haufungi mahakama za Tanzania, lakini mawakili huweza kuutumia kushawishi.

Visima na mashimo si chanzo pekee. Mnazi uliokauka unaweza kuangukia paa la jirani. Ng'ombe wa mfugaji anaweza kuvunjika mguu katika shimo la mchanga lililofunikwa na majani, na mifugo imeongezeka katika bonde la Rufiji tangu wafugaji walipohamishwa kutoka Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007.

Moto ni hatari kubwa zaidi. Mwenye ardhi humtuma kibarua asafishe pori, kibarua hutia kiberiti, upepo hugeuka. Mikorosho ya jirani ikiungua, hasara haiishii kwenye mavuno ya msimu mmoja, kwani mche mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti kuhusu uchomaji wa mimea, na aliyeyakiuka hujikuta na kesi mbili kwa mpigo: ya jinai kwa Serikali na ya fidia kwa jirani.

Bima hii ni ya nini hasa

Bima ya mali humlipa mwenye mali kwa hasara iliyompata yeye. Bima ya dhima hulipa kwa niaba yake hasara iliyompata mtu mwingine, pale ambapo yeye anawajibika kisheria. Kwa hiyo ardhi yenyewe haikatiwi bima hapa. Kinachokingwa ni mfuko wa mwenye ardhi.

Kwa kawaida bima hiyo hugharimia mambo mawili. La kwanza ni fidia kwa kifo, majeraha au uharibifu wa mali ya mtu wa tatu. La pili ni gharama za kujitetea, yaani wakili na uendeshaji wa shauri. Hili la pili hudharauliwa, ilhali shauri la madai linaweza kumaliza akiba ya mtu hata kama mwishowe atashinda.

Bima hii si ya lazima kwa ardhi tupu. Bima ya magari dhidi ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa sheria yake, na mabadiliko ya sheria yaliyofanywa mwaka 2022 yaliongeza bima za lazima katika maeneo kama masoko ya umma, majengo ya biashara na vivuko. Kiwanja kisichojengwa hakimo katika orodha hiyo. Uamuzi unabaki kwa mwenyewe, na hasara ya kutoamua pia ni yake.

Pa kuanzia: karatasi za ardhi

Swali la kwanza la kampuni ya bima huwa ni nani anayekalia ardhi hiyo na kwa haki ipi. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukwama kabla hata ya kutajiwa bei.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais akiwa mdhamini. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya mkutano mkuu wa kijiji, na haki yake huthibitishwa kwa hati ya hakimiliki ya kimila. Uhamisho wa haki hiyo kwenda kwa mtu asiye mkazi unahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Karatasi ya mauziano yenye sahihi ya muuzaji, shahidi mmoja na mjumbe wa kitongoji ni dhaifu mbele ya kampuni ya bima kama ilivyo dhaifu mahakamani.

Udhaifu huo una madhara ya pande mbili. Mnunuzi asiyetambuliwa na kijiji anaweza kukosa bima kwa kushindwa kuonyesha kwamba ardhi iko mikononi mwake. Papo hapo, aliyeumia anaweza kumshtaki yeye huyo huyo, kwa kuwa ndiye aliyechimba shimo na ndiye anayeonekana kulimiliki eneo. Anabeba dhima bila kuwa na kinga.

Nyamisati ina angalizo la ziada. Mikoko ya delta ya Rufiji ni msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu chini ya Mkataba wa Ramsar. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka ufukwe wa bahari au kingo za mto. Aliyeuziwa kipande cha mikoko hana haki halali ya kuikatia bima, na aliyechimba au kujenga ndani ya meta hizo 60 atarajie kampuni kukataa madai kwa sababu ya ukiukaji wa sheria.

Hatua za kufuata

Kwa kawaida mwombaji hatakuta kwenye rafu bidhaa iliyoandikwa 'bima ya kiwanja kitupu'. Anachopaswa kuomba ni bima ya dhima kwa umma kwa ajili ya ardhi isiyoendelezwa, akitaja mahali na ukubwa wake. Anaweza kwenda moja kwa moja kwa kampuni ya bima, kwa wakala, kwa benki inayouza bima, au kwa dalali wa bima. Wakala huuza kwa niaba ya kampuni, wakati dalali humwakilisha mteja na anaweza kupeleka ombi moja kwa kampuni kadhaa. Kwa hatari isiyo ya kawaida kama hii, dalali mara nyingi ana manufaa zaidi.

Yeyote atakayetumiwa, ni lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Kwa Mtanzania anayeishi Muscat au London, ikumbukwe kuwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009 hairuhusu mali na dhima zilizoko nchini kukatiwa bima kwa kampuni za nje bila idhini ya Kamishna wa Bima. Bima aliyoikata huko kwa nyumba anayoishi isidhaniwe kuwa inafika hadi Nyamisati.

Baada ya hapo hufuata fomu ya maombi. Mwombaji ataambatisha kitambulisho, namba ya mlipakodi, nakala ya hati na mchoro wa eneo. Ataulizwa kama kuna kisima, shimo, bwawa, jengo bovu, njia ya wapita kwa miguu, mpangaji, mlinzi, au tukio lolote la nyuma. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli kamili wa mwombaji. Anayeficha kisima ili apunguziwe ada amejikatia bima ya karatasi, maana siku ya ajali kampuni ina haki ya kuukana mkataba.

Kampuni inaweza kumtuma mkaguzi. Ripoti yake mara nyingi hudai mambo ambayo mwenye ardhi angeweza kuyafanya mwenyewe mapema: kufukia mashimo au kuyafunika kwa zege, kukata miti iliyokauka, kulima mkanda wa kuzuia moto kuzunguka eneo, kuweka alama za mipaka, na kumwachia mtu wa karibu jukumu la kuangalia. Kazi hizo hupunguza ada, na muhimu zaidi, hupunguza ajali. Kwa eneo dogo lisilo na shimo wala njia, huenda kazi hizo zikatosha na bima ikaonekana kuwa gharama ya ziada. Kwa eneo kubwa lenye kisima au linalosafishwa kwa moto kila mwaka, kuikosa ni kubahatisha.

Kabla ya kulipa, mteja asome mistari miwili kwa makini. Wa kwanza ni kikomo cha fidia, kwa tukio moja na kwa mwaka mzima. Wa pili ni kiasi ambacho mwenye bima hujitolea mwenyewe katika kila dai. Kwa mfano tu, bima yenye kikomo cha Sh milioni 50 na kiasi cha kujitolea Sh 500,000 italipa Sh milioni 7.5 kwa dai la Sh milioni 8. Mahakama ikiamuru Sh milioni 70, kampuni itaishia kwenye kikomo chake, na Sh milioni 20 au zaidi zitamrudia mwenye ardhi.

Ada hutegemea ukubwa wa eneo, matumizi, hatari zilizopo na kikomo kilichochaguliwa, na huongezewa kodi ya ongezeko la thamani. Kinga huanza baada ya ada kulipwa. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haimlindi mtu leo.

Yasiyoguswa na bima

Bima ya dhima hailipi mafuriko. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, lakini mvua na mto havina mwenye ardhi wa kushtakiwa. Aliyepoteza mazao yake mwenyewe anahitaji bima ya kilimo, ambayo ni mkataba mwingine.

Vile vile, mamba au kiboko akimdhuru mtu, mnyama huyo ni wa Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na waathirika huomba kifuta jasho au kifuta machozi kwa utaratibu wa Serikali. Mlinzi wa shamba au kibarua aliyeajiriwa akiumia kazini, suala lake ni la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwajiri anatakiwa awe amejisajili huko. Migogoro ya mipaka, madhara ya makusudi na ahadi ambazo mwenye ardhi amejitwisha kwa mkataba binafsi kwa kawaida huwekwa nje ya bima hii.

Kubwa zaidi, bima haimlindi mtu asipoteze ardhi yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu ardhi ambayo haikukaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka 5 ihesabiwe kuwa imetelekezwa, ingawa inatambua kupumzisha shamba kuwa ni matumizi halali. Kwa upande mwingine, aliyevamiwa akakaa kimya miaka 12 anaweza kukuta muda wa kudai ardhi yake umepita. Risiti za ada ya bima hazitajibu hoja hizo. Kinachojibu ni kuonekana shambani: kupalilia, kupanda hata michikichi au minazi michache, na kushiriki mambo ya kijiji.

Ajali ikitokea

Mwenye bima anatakiwa kuitaarifu kampuni mara moja kwa maandishi, kuhifadhi picha na majina ya mashahidi, na kuipelekea barua yoyote ya madai bila kuijibu. Mikataba mingi humkataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila ridhaa ya kampuni. Aliyeumia naye ana miaka 3 ya kufungua shauri la madhara katika mahakama za kawaida, kwa hiyo barua inaweza kufika wakati tukio limekwisha kusahauliwa. Kumbukumbu zisitupwe.

Sharti la kutokiri kosa hugongana na desturi. Mtoto akifariki katika kisima cha mtu, kijiji hutarajia mwenye shamba afike msibani, na asipofika huonekana ana kiburi. Kwenda kuhani na kutoa ubani ni utu, na hakuzuiwi. La kuepuka ni kuandikishana mbele ya wazee kwamba fedha hizo ni fidia, au kuahidi kiasi kingine baada ya arobaini. Busara ni kumpigia simu wakala au dalali kabla ya safari, kisha kwenda kulia na waliofiwa.

Kampuni ikikataa dai kwa sababu isiyoeleweka, mteja anaweza kulalamika kwa TIRA au kupeleka shauri lake kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, kabla ya kufikiria mahakama.

Bima ya namna hii kwa kawaida hudumu miezi 12, na ombi la kuihuisha hutaka taarifa mpya. Ikiwa mwaka jana kulikuwa na kisima kimoja na sasa vimekuwa viwili, kampuni iambiwe. Na kama fedha za zege la kufunikia kisima cha kwanza zimepatikana, zianze kutumika huko, kwa kuwa fidia huja baada ya mtu kuumia, na kwa mzazi aliyepoteza mtoto hakuna kikomo cha bima kinachotosha.